Sahihi ya Pili

Benchi la nje kwa Kinyozi lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi ile liliwabeba Kinyozi mwenyewe, Fundi Saa, na mzee waliyemwita Nukta, kwa kuwa alisahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na minane na hakuna nukta iliyompotea. Gotini mzee huyo aliweka fomu ya kamati ya istilahi, iliyokuwa ikiyatafutia maneno ya kitaalamu Kiswahili chake. Ilitakiwa iondoke kabla ya saa sita, na neno moja tu lilikuwa bado kupata Kiswahili chake: etimolojia, elimu ya Wazungu ya kufuata neno kutoka lugha hadi lugha mpaka lilikozaliwa.

— Miaka tisa mnalitafuta neno moja! — Kinyozi alimimina kahawa. — Andika “umbea wa maneno”, ukapumzike.

— Si umbea — alisema Nukta. — Kilatini kilisema mensa. Kireno, mwanawe, kikasema mesa. Sisi tunasema meza. Nimeandika “nasaba ya maneno”.

— Basi ni kesi ya mirathi — alidakia Fundi Saa. — Marehemu Kilatini kaacha watoto, wanagombana. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Imeingiaje hiyo?

— Si walivaa nguo za marehemu?

— Na Kiingereza?

— Huyo jirani. Alikuja matangani akaondoka na masufuria.

— Mimi nasema Kilatini hakufa — alisema Kinyozi. — Kajificha kwa madaktari. Soma majina ya dawa zako! Mwenda pole hajikwai.

Nukta hakucheka. Alikuwa akiwasikiliza wenzake wanne wa kamati, ambao wangecheka. Kamati ilikuwa ya watu watano, na kanuni aliipendekeza yeye: neno halipiti bila sahihi za wajumbe wawili, asije mtu akalimiliki peke yake. Wa nne wa wenzake walimzika Jumanne; mjumbe aliyebaki ni yeye tu.

Tarishi akafika na baiskeli, mwanamke mgeni mtaani. Alipokea fomu, akaisoma.

— Neno zuri, babu. Sahihi yako naiona. Ya pili anatia nani?

Kinyozi alichungulia ndani ya birika. Fundi Saa alipeleka saa ya mteja sikioni.

— Lete nitie mimi — Kinyozi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

— Wewe si mjumbe, mwanangu.

— Nani atajua?

Nukta alimnyooshea tarishi mkono. Aliirudisha fomu gotini, akalikata neno lake kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyokata makosa ya watu maisha yake yote, kisha akampa tarishi.