Patroba Owiti, Mpiga Tarumbeta wa Langoni Jazi (1931–1968)

Marehemu Patroba Owiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Ugenya, Nyanza, mtoto wa tatu wa Mzee Owiti na Mama Dorsila. Mimi Nerea, ninayesoma, ni dada yake anayemfuata. Karatasi mliyopewa na kamati ya mazishi inasema marehemu alikuwa "karani hodari na mtu mpole." Basi. Mistari kumi na mmoja, na tarumbeta halikupata hata mmoja. Niliwapelekea wasifu wa kweli, wakaukatakata. Huu nimeupiga taipu upya mwenyewe, kwa nakala za kaboni. Zipokezaneni.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1939, akamaliza darasa la nane mwaka 1948. Huko ndiko alikofundishwa kupuliza, katika bendi ya shule, na nyimbo zilikuwa za kanisani. Kwa hiyo anayesema tarumbeta ni chombo cha shetani, akaulize kwanza ni nani aliyempa.

Mwaka 1950 aliajiriwa ukarani Nairobi. Siku za kazi alipiga taipu, na Jumamosi alipiga jazi kumbini, watu wakifunga safari kutoka Thika kuja kumsikiliza. Mkuu wake hakupenda. Mwezi Juni 1961 alimpa barua ya uhamisho wa kuja Lamu, akamwambia huku atapona ugonjwa wa dansi. Tarumbeta lilikuwa mali ya ukumbi, likabaki. Marehemu alishuka gatini na sanduku la nguo tu. Aliniandikia kwamba vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya meza vikitafuta pa kubonyeza. Barua hiyo ninayo, na kila nikiisoma nakasirika upya.

Aliyemwokoa ni jirani yake wa mtaa wa Langoni, Bwana Kamaludin, ambaye amesimama nasi hapa. Alimfungulia kasha lenye tarumbeta ambalo baba yake mwenyewe, Mungu amrehemu, alilipigia ngoma ya beni. "Litwae, Bwana Patroba, ulipe pumzi," alimwambia. "Hili lilisikika nti nzima." Ramadhani ya mwaka 1962 ilipoandama, marehemu alilirudisha kashani kwa heshima ya waliofunga. Bwana Kamaludin akavua kofia yake mwenyewe, akaikunja, akaishindilia katika mdomo wa tarumbeta. "Haya, puliza na hini. Watu wamefunga, hawakufa." Tangu hapo kila Ramadhani alifanya mazoezi kofia ikiwa ndani, na hakuna jirani aliyenung'unika. Mwaka huohuo alianzisha Langoni Jazi pamoja na Ridhwani wa ngoma na Fadhil, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kupuliza tangu hajui hata kushika tarumbeta. Walipiga Matondoni, walipiga Ndau, walipiga hata Kiwayu, na watoto wa huko wakalia bendi ilipoondoka.

Tarehe 20 Aprili 1963 marehemu alimwoa mkunga wa zahanati aitwaye Bi. Wangu. Wangu husema alimpenda kabla ya kumwona, kwa kumsikia kupitia dirisha la wodi.

Walionung'unika ni sisi wenyewe, watu wa bara. Mwaka 1964 wazee wetu wa kanisa walimtenga na meza ya Bwana kwa kosa la kupiga dansi. Aliendelea kuja kila Jumapili, akikaa benchi la nyuma. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti, mwenyekiti wa kamati hii, Bwana Douglas, alioa. Ni nani aliyepiga harusini? Bwana Douglas, usiangalie chini. Ulicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, ukaendelea na kimoja. Jana umeniambia, "Dada Nerea, mambo ya dansi tuyaache, haya ni mazishi."

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kukohoa. Nimesikia mnavyonong'ona kwamba tarumbeta ndilo lililomuua. Daktari alisema ni kifua kikuu, na kifua kikuu huwashika hata wasiojua kupiga mluzi. Nilikuja kutoka Mombasa kumwuguza. Juzi jioni alinishika mkono, akasema, "Nerea, wasinizike kama karani. Fadhil anipigie." Nilimwahidi. Alifariki alfajiri ya jana, Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Kamati imekubali tarumbeta lije, lakini lisilie. Ndiyo sababu Fadhil na Ridhwani wamewekwa nje ya ua kama watu waliokuja kuomba maji, na kofia ya Bwana Kamaludin imeshindiliwa ndani ya tarumbeta, ingawa leo si Ramadhani. Ile kofia iliwekwa humo ili mtu aweze kupiga. Ninyi mmeitumia kumnyamazisha.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Wangu, watoto wawili, Owiti na Akelo, mama yetu, ambaye simu ya upepo ya msiba huenda bado haijamfikia, mimi dada yake, Bwana Kamaludin, na Langoni Jazi. Mungu amlaze pema, naye atalala vizuri zaidi akishapata alichoomba.

Bwana Douglas, sogea kidogo, umesimama mlangoni. Fadhil, ingia. Toa kofia, umrudishie mwenyewe, kisha upige.