Mama Ndoo, Aliyeona Aibu Kuogeshwa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Ndoo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika chumba cha nyuma cha duka la viatu, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi viatu na mkewe. Tangu utotoni alikuwa na haya kupita kiasi. Wageni wakiingia, alijibanza nyuma ya rundo la ngozi mpaka waondoke, na mama yake aliwaambia majirani kwamba binti anaye, ila ni wa kusikia tu, si wa kuona.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1967. Kwa kuandika alikuwa hodari, lakini akiitwa mbele ya darasa ulimi uliganda. Siku ya mtihani wa kuimba aligeuka akauimbia ubao wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, huku wenzake wakiangalia kisogo chake. Mwalimu alicheka, akampa alama zake. Baada ya hapo alisomea ushonaji kwa miaka miwili, akapata cheti Desemba 1969.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha lile lile mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2008. Alipenda kushona kuliko kupima, maana kupima kulimlazimu kumshika mtu kiuno. Hata hivyo, mteja mmoja, fundi saa, alileta suruali ile ile mara tatu ipunguzwe, hadi msimamizi wa karakana akamuuliza kama anakonda au anaposa. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1974, wakajaliwa watoto wawili: wa kiume, ambaye leo ni mwalimu, na binti, kitinda mimba, anayeuza katika duka la dawa. Fundi saa alifariki mwaka 1999. Wanawe hawakuwahi kuvaa sare inayobana, kwani kila likizo mama yao alifumua mapindo na kuyashusha kabla hawajaomba.

Wengi wamejiuliza mtu wa haya namna hiyo alipata wapi ujasiri wa kuogesha wagonjwa wa watu. Ilianzia kwa mama mkwe wake, aliyelala kitandani mwaka 1989. Mawifi zake wote walikuwa na udhuru, basi ikabaki juu yake. Mama mkwe alipofariki, jirani alimwita aje amsaidie mumewe, kisha akaitwa nyumba ya pili, na hakurudi nyuma tena. Aliingia na ndoo yake ya buluu, akamfunika mgonjwa kwa shuka, akamwosha chini ya shuka hiyo kiungo kimoja kimoja, macho yake yakiwa dirishani na mdomo ukisimulia kuku wa jirani aliyetagia kwenye kiatu. Kila aliyelalamika aliambiwa neno moja: “Aibu ya nini? Mwili ni mwili tu.” Karani mstaafu wa posta, aliyepooza upande mmoja, siku ya kwanza alipiga teke ndoo na kumlowanisha. Marehemu alikamua gauni, akateka maji mengine, akaendelea na habari za kuku.

Februari 2022 alianza kuumwa uti wa mgongo. Miguu ilipungua nguvu, na baadaye hakuweza tena kuzuia haja ndogo. Jambo hilo hakumwambia mtu. Binti yake akienda kazini, alijifungia kwa ufunguo, akafua mashuka akiwa ameketi sakafuni na kuyaanika ndani ya chumba. Wenzake waliokuwa wakijitolea naye kuogesha wagonjwa walipokuja kumjulia hali, aliwajibu akiwa nyuma ya mlango kwamba yeye ni mzima, kachoka tu. Harufu waliisikia. Waliondoka kimya, kwa kumheshimu, na leo wanajilaumu kwa heshima ile.

Jumamosi moja ya mwezi Mei alianguka na ndoo. Mwanawe, mwalimu, alivunja mlango akisaidiwa na majirani, na wote wakamwona mama wa watu alivyokuwa. Mwalimu alivua koti, akamfunika, kisha akasimama akitazama dari, hajui mikono yake aiweke wapi. Marehemu aligeukia ukuta. “Nimewatia aibu,” alisema, na kuanzia hapo hakutaka kusema na mtu. Binti alileta maji ya moto, yakapoa. Akaleta mengine, nayo yakapoa. Mwili wake ukaanza kutoka vidonda, na daktari akaonya kwamba vidonda hivyo vitamuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Aliyekuja ni yule karani. Alijikongoja na fimbo yake, akaketi mlangoni.

“Nasikia umekataa kuogeshwa.”

“Waliokuambia wana maneno mengi.”

“Ulipokuwa ukiniogesha, ulinidharau?”

“Mzee wangu, hata siku moja.”

“Ulipotoka kwangu, ulikwenda kunicheka?”

“Ningethubutu vipi?”

“Basi huyu uliyemzaa mwenyewe ndiye atakayekucheka?”

Karani alilaza fimbo magotini, kisha akasema: “Lile neno lako la mwili ni mwili tu halikunisaidia kitu. Ulipotoka nililia. Kilichonisaidia ni kwamba kesho yake ulirudi.”

Hapo marehemu aliona aibu nyingine, na mwenyewe alimwambia binti yake kwamba hii ndiyo iliyomchoma zaidi. Miaka yote aliingia katika vyumba vya watu akiwaambia aibu haipo, na alikuwa hajui anachokisema. “Ipo,” alisema. “Nilikuwa nawanyamazisha tu.” Kisha akamwambia binti achemshe maji.

Binti alimwogesha vibaya. Sabuni iliingia masikioni, shuka ikalowa yote, na marehemu akauliza kama maji yale ni ya mtu au ya samaki. Binti alijaribu kusimulia habari za mtaa, ila kwa kuwa hushinda dukani alijikuta anasimulia bei za dawa za kikohozi. Mama alilia tangu mwanzo hadi mwisho, na binti naye akalia. Kesho yake binti alirudi na maji. Baada ya miezi mitatu mwalimu naye alijifunza, ingawa macho yake hayakushuka kutoka darini.

Karibu na mwisho alimwita mwanawe na kumwagiza: “Siku ya kunizika msiseme nilikuwa jasiri. Semeni niliona aibu kubwa, nikajifungia.”

“Mama, mambo ya chumbani hayasomwi makaburini.”

“Pale mbele watakaa watu ambao nyumbani kwao yupo mgonjwa aliyejifungia. Hao utawaambia nini, kwamba nilikuwa hodari wa mapindo?”

Mwalimu ameandika kama alivyoagizwa. Familia ilijadiliana sana, maana si jepesi kumweka mama namna hii mbele za watu, na wapo ndugu ambao hata sasa wameinamisha vichwa. Mwalimu mwenyewe ameshindwa kusoma, ndiyo maana mjomba wake anayasoma maneno haya kwa niaba yake.

Marehemu alifariki alasiri ya tarehe 17 Septemba 2023, nyumbani kwake, muda mfupi baada ya kuogeshwa, nywele zikiwa bado mbichi. Ameacha mtoto wa kiume na wa kike, mkwe mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake wa kiume, mawifi wawili, na wagonjwa sita ambao wenzake wameshagawana.

Apumzike kwa amani. Na kama kwako yupo aliyejifungia, usimwambie aibu haipo. Gonga mlango, na kesho urudi.