Mzee Kabera na Gitaa la Nyuma ya Mlango

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuuza magitaa katika duka la vyombo vya muziki la Madame Béata hapa Gisenyi, Mzee Théoneste Kabera anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Ukiondoa miezi ile ya 1994 duka lilipokuwa limefungwa, ambayo leo hatuisemi, hakukosa kazini ila siku mbili za jino na siku moja ya hasira. Hiyo ya hasira tutaifikia.

Alipoanza mwaka 1972, Madame Béata alikuwa bado anavaa sare za shule. Mzee Kabera alipewa ukuta mmoja, misumari saba na kazi ya kupanga bei. Akazipanga kwa nchi. Msumari wa juu kabisa ulikuwa wa Hispania, wa pili Ujerumani, wa tatu Chekoslovakia, akashuka hivyo hivyo hadi wa saba, alikotundika Japani. Ndiyo, Japani. Wakati ule wateja waliicheka. Miaka kumi baadaye Japani ilikuwa imepanda hadi msumari wa nne na Korea ndiyo iliyochekwa. Korea nayo ikapanda, ikaja Indonesia, kisha China. Kila Januari Mzee Kabera alitangaza nchi iliyopanda darasa na iliyorudia mwaka, na rufaa hakupokea. Mteja aliyeuliza kwa nini magitaa mawili yanayofanana yanapishana bei mara tano aliambiwa kwa upole achungulie ndani ya tundu, asome kibandiko. "Hii ya Korea iko muzuri," alipenda kusema, "lakini iko na haraka." Hadi leo hatujui haraka ya kwenda wapi.

Ugonjwa huu wa nchi ulimfuata hadi nje ya duka. Kufuli, mwavuli, chupa ya chai, vyote alivipindua kwanza aone vilikotengenezwa. Mimi nilipokuja kutoka Bukoba kuomba kazi, aliniuliza mimi nimetengenezewa wapi. Kwenye harusi ya mwenzetu Joanita aligeuza sahani ili asome kiwanda, akasahau kwamba wali na mchuzi bado viko juu yake. Vikamwangukia padri. Mzee Kabera akatangaza bila aibu kwamba sahani ni za China, na padri, huku akijifuta, akasema hata yeye alidhani hivyo.

Sasa tumfikie Faradji. Faradji ni seremala wa Goma anayechonga magitaa, na kwa miaka kumi na mitano amekuwa akivuka mpaka wa Petite Barrière kuja kwetu Rwanda na gitaa moja mgongoni, jingine kichwani. Mzee Kabera aliyapokea, ila msumari hakuyapa. Aliyaweka nyuma ya mlango, karibu na ndoo na fagio, kwa bei iliyo chini ya China. Kila moja lilikuwa na chapa ya moto nyuma ya shingo: Fabriqué au Zaïre, yaani limetengenezwa Zaïre.

Mei 1997 Zaïre ikabadili jina, na Mzee Kabera akatoa hukumu yake. Bei inatoka kwenye nchi. Kama nchi haipo, bei nayo haipo. Magitaa manne ya Faradji yakabaki nyuma ya mlango bila kikaratasi, hayauziki. Faradji ni mtu mpole, lakini alipopata habari alivuka mpaka, akasimama katikati ya duka na kunyoosha kidole kwenye msumari wa tatu. Chekoslovakia ilikuwa imekufa tangu 1993, na Mzee Kabera alipandisha bei ya magitaa yake mara mbili, eti kwa sababu hayatatengenezwa tena. "Bon, Mzee," Faradji akamwambia, "inchi ya Wazungu ikikufa, bei inapanda. Ya kwetu ikikufa, bei inakufa nayo. Juu ya nini?" Mzee Kabera alichukua kofia yake, akapanda baiskeli, akaenda kwake Rugerero. Kesho yake hakuja. Hiyo ndiyo siku ya hasira.

Aliporudi alikuja na masharti. Apimwe masikio. Akiitambua kila nchi bila kuona, Faradji asilete tena gitaa hapa. Akikosea, magitaa ya Faradji yapande ukutani. Haikuwa mchezo kwa yeyote kati yao. Faradji hakuwa na duka jingine upande huu wa mpaka, na Mzee Kabera hakuwa na sifa nyingine zaidi ya hiyo. Tukamkalisha akiwa ametupa mgongo, taulo kichwani kama mtu anayejifukiza mafua, na Joanita akapiga wimbo uleule wa kwaya kwenye magitaa sita. La kwanza akasema China, sawa. Indonesia, sawa. Korea, sawa, na bado iko na haraka. Japani, sawa. Faradji alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake. La tano Mzee Kabera alilipungia mkono: hilo ni la nyuma ya mlango, kuni tupu. La sita hakulijibu upesi. Aliomba lirudiwe, kisha akaomba tena. Mwishowe, kutoka chini ya taulo, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ndiyo Hispania, na atakayebisha hana masikio.

Tukamwondolea taulo. Joanita alikuwa ameshika gitaa la Faradji. Zile kuni tupu zilikuwa za msumari wa kwanza, Hispania yenyewe. Mzee Kabera alidai kwamba Joanita ana mafua, kisha akaenda kuchukua nyundo. Aliongeza misumari minne, yote kwenye usawa wa macho, na bei akaziandika bila kumtazama mtu. Aliumia sana siku ile, na sisi tulimpenda zaidi. Matatu kati ya yale manne yaliuzwa kabla ya Krismasi.

Desturi ya duka letu ni kwamba anayestaafu huchagua chombo kimoja ukutani, akaondoka nacho. Kwa miaka ishirini Mzee Kabera alisema wazi kwamba chake ni lile gitaa la Hispania, na Madame Béata, anayejua alilinunua kwa faranga ngapi, alishaanza kusali. Alhamisi iliyopita Mzee alipanda ngazi, akalishusha, akalifuta vumbi, akalirudisha. Halafu akashuka, akachukua la nne la Faradji. Ndipo tukaelewa kwa nini kila mteja aliyelitaka aliambiwa lina kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Kikaratasi chake alikijaza kwa mwandiko wake uleule, akakibandua na kukiacha kwenye msumari. Penye bei alipiga mstari. Penye nchi akaandika: Faradji.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote hii. Nenda salama Rugerero, upande maharage yako bila kuuliza mbegu ni za nchi gani, na Mungu akupe siku nyingi za kupiga. Faradji amesema atakuja kila Jumapili kukaza nyuzi. Msumari hatuung'oi, na kikaratasi tumekiacha hapo hapo.

Umutesi, kwa niaba ya wafanyakazi wote