Mwandiko wa Bi Fakhriya

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, tarehe 12 Machi 1934. Askari watatu waliingia katika duka la Saif bin Salem, muuza dawa za mitishamba, Mtaa wa Pemba, Kariakoo. Hawakupekua. Mmoja alipanda juu ya kigoda, akapeleka mkono nyuma ya mtungi wa habasoda kwenye rafu ya juu, akashusha chupa ya kijani. Ndani ya chupa mlikuwa na bangi.

Wasikilizaji wapendwa, askari hawakupekua kwa sababu walishajua chupa iko wapi. Aliyesema ni Saif mwenyewe. Aliyeandika ni binti yake, Fakhriya, msichana wa miaka kumi na minane. Asubuhi hiyo alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, akaona mkono wa askari ukienda pale pale alipopaandika.

Fakhriya binti Saif ndiye tunayemkumbuka leo. Alifariki Jumanne wiki hii. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Turudi nyuma kidogo. Mbele ya duka la baba yake palikuwa na baraza ya saruji. Kila alasiri watu walikaa hapo, wakanywa kahawa, wakasemezana. Baraza ile ilikuwa na sharti moja: mwenye kumshitaki mtu aanze na kosa lake mwenyewe. Fakhriya aliwasikia kila siku kutoka ndani. Siku moja Theophil, karani wa bandarini, mtu wa Kilimanjaro, alifika amefura.

"Fundi cherehani yule mwongo! Suti yangu hadi leo!"

"Anza na lako!" baraza nzima ikamkemea.

"Haya, langu. Kitambaa nilimpelekea jana jioni."

Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe.

Mke wa Theophil, Euphrasia, ndiye aliyemfundisha Fakhriya kuandika kwa herufi za Kirumi. Saif aliandika kwa herufi za Kiarabu tu. Kwa hiyo barua zote za nyumba ile zilizokwenda kwa karani, posta au gazetini zilikuwa na mwandiko wa Fakhriya.

Sheria ya bangi na kasumba ilikuwepo. Saif hakuipinga. Alikuwa akiwafukuza wavutaji dukani kwake. Lakini tangu Januari mwaka huo, askari walianza kuitumia sheria hiyo barazani. Palipo na watu zaidi ya wanne, walisema ni kijiwe cha bangi.

"Mnavuta nini hapa?"

"Kahawa, afande."

"Kahawa haivutwi."

"Basi andika kwamba tumeinywa."

Askari hakucheka. Alinusa vikombe kimoja kimoja, akaamuru watu watawanyike. Mara ya tatu, Theophil aliuliza amri hiyo imeandikwa wapi. Alilala mahabusu siku mbili. Hakukutwa na kitu. Aliachiwa bila kuelezwa kosa.

Ndipo Saif alipoamua kuliandikia gazeti la Kiswahili. Alikaa juu ya gunia la tangawizi, akasema, Fakhriya akaandika. Barua ilieleza siku tatu ambazo baraza ilitawanywa, kwa tarehe zake. Ilisema: "Hatuombi bangi iruhusiwe. Twaomba mazungumzo yasihesabiwe kuwa moshi." Lakini kabla ya hayo yote, Saif alitaka aya moja itangulie. Sharti la baraza.

"Andika: Naanza na langu. Nyuma ya mtungi wa habasoda ninayo chupa ya bangi, dawa ya tumbo la punda, aliyoiacha marehemu baba yangu. Sheria ilipokuja nilipaswa kuipeleka bomani. Sikuipeleka."

Fakhriya aliinua kalamu. "Baba, hii nayo niiandike?"

"Iandike, mwanangu. Nikimsema askari nikajificha mimi, huo ni umbea."

"Lakini gazetini si barazani, Baba. Wale hawajui sharti letu."

"Watajifunza. Andika."

Akaandika. Chini aliweka jina na mahali, kama gazeti lilivyotaka: Saif bin Salem, Mtaa wa Pemba, Kariakoo. Barua ilichapwa Jumamosi, tarehe 10. Jumatatu asubuhi askari walifika.

Kesi ilisikilizwa tarehe 22 Machi. Fakhriya alisimama nje ya dirisha la mahakama na Euphrasia. Karatasi yenyewe, yenye mwandiko wake, ilikuwa imechukuliwa gazetini na kuletwa kuwa kielelezo. Ilisomwa aya ya kwanza tu. Saif aliomba barua yote isomwe. Hakimu akajibu: "Kesi hii ni ya bangi. Si ya gazeti."

Akaulizwa mwandiko ni wa nani. Saif akasema, "Maneno ni yangu." Akaulizwa tena. Akarudia, "Maneno ni yangu."

Miezi sita jela. Alifia humo kwa kuhara damu, tarehe 9 Agosti 1934, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutoka. Neno lake juu ya baraza halikujibiwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeandika tena gazetini kuhusu jambo hilo. Baraza ilibaki saruji tupu. Baadaye mpangaji mpya aliweka magunia.

Na Fakhriya aliacha kuandika. Wasikilizaji wapendwa, tunarudia: aliacha kabisa. Hati ya ndoa, dole gumba. Mkataba wa nyumba, dole gumba. Wanawe walikua wakiamini mama yao hajui kusoma.

Mwanawe wa kwanza, Bwana Nasor, ametuambia: "Nimemsomea barua maisha yangu yote. Nikiruka mstari, ananiambia, rudia hapo. Nikadhani anabahatisha."

Ukweli aliupata mwezi uliopita tu, kwa Bi Clotilda, binti wa Euphrasia, aliyekwenda kumwona mgonjwa. Bi Clotilda anasema: "Mama alikuwa akisema hajawahi kufundisha mwenye mwandiko mzuri kama ule. Nilimuuliza Bi Fakhriya kwa nini alijinyima. Akanijibu, 'Ningeweza kuiruka ile aya. Baba asingejua. Alikuwa hasomi herufi zile.'"

Tunatoa pole kwa Bwana Nasor, ndugu zake, na wajukuu wa marehemu. Tunatoa pole pia kwa Bi Clotilda. Na kila mmoja wetu ajiulize: aliyesema kosa lake waziwazi alifungwa kwa kosa hilo; lakini lile alilolalamikia, nani alilisikiliza?

Jumatatu wiki hii, saa kumi jioni, muuguzi alimletea Bi Fakhriya fomu ya kukubali kupasuliwa, pamoja na kidau cha wino wa dole. Alikisogeza kando, akaomba kalamu. Bwana Nasor alikuwepo. Aliandika polepole, herufi zikasomeka zote: Fakhriya binti Saif, Mtaa wa Pemba, Kariakoo.

Alifariki kesho yake alfajiri, kabla ya kupasuliwa. Alizikwa alasiri siku hiyo hiyo.