Miswaki Miwili, Chumba Namba Kumi na Saba

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa wetu, Ndugu Msajili, Ndugu Mshauri wa Wanafunzi, wakuu wa idara, walezi wenzangu wa mabweni, wenzangu wa usafi, wa ulinzi na wa jikoni, ambao siku zote mnatajwa mwisho na leo nimewapandisha, ndugu wageni waalikwa, mume wangu, uliyekula chakula kilichopoa kwa miaka thelathini na mmoja, na ninyi wanangu mliojazana huko nyuma, wawili wawili kwenye kiti kimoja: habari za mchana. Kaeni tu hivyo hivyo. Leo sina daftari.

Mshereheshaji alipolisoma jina langu la utumishi, ninyi mlipiga kelele "Mama Kanuni!" mpaka akajirekebisha mwenyewe. Mlidhani silijui jina hilo? Limeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa bafu la ghorofa ya pili tangu enzi za dada zenu, na fundi rangi alipokuja kupaka nilimwambia pale aparuke. Kwa hiyo msione haya. Mtu anayeitwa hivyo kwa miaka mingi na bado akaletewa keki kubwa namna ile, hana la kulalamika.

Nilipopewa funguo za bweni hili, kanuni za makazi ya wanafunzi zilikuwa kurasa nne. Leo ni kurasa ishirini na sita. Mnadhani kurasa zilizoongezeka zililetwa na nani? Na Baraza? Baraza lilitia saini tu. Mliozileta ni ninyi na dada zenu, na kila kanuni iliyomo humo mimi naijua kwa sura ya mtu. Kanuni ya tisa, inayosema kwamba pasi itatumika kunyooshea nguo na si kwa shughuli nyingine yoyote, ilizaliwa na binti mmoja wa hisabati aliyeigeuza pasi juu chini akakaangia mayai. Na mayai yenyewe, nisiwe mnafiki, yalikuwa matamu, maana kielelezo nilikila mimi. Kanuni ya kumi na tatu, inayokataza kufuga ndege wa aina yoyote vyumbani, ni ya binti wa kilimo aliyemleta kuku wa mazoezi ya vitendo akamlaza kwenye sanduku la nguo, kwa sababu, alivyonieleza huku machozi yakimlengalenga, kuku huyo alikuwa anaonewa na wenzake bandani.

Na kanuni ya kumi na moja, inayokataza hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo... Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, usiangalie chini. Kanuni ya kumi na moja ni wewe.

Chekeni, chekeni, lakini mnisikilize. Wasichana tisini na sita walikaa bila umeme siku mbili, wiki ya mitihani, na kila mmoja alikuwa anamtafuta mchawi wake. Asubuhi ya siku ya pili mlango wangu uligongwa. Nilipofungua nikamkuta binti wa mwaka wa kwanza, mwembamba, ndoo mkononi, hita imeungulia humo humo. Akasema, "Mama, ni mimi." Sikuwa nimemuuliza. Hata kutafuta nilikuwa sijaanza. Nilimpa adhabu ya kufagia ngazi wiki mbili, na nasikitika kusema mbele ya maprofesa wenzake kwamba alifagia vibaya sana. Lakini jina lake sikulipeleka popote.

Wengi mmeniuliza siri yangu ya ukaguzi ni nini, kwa nini sikuwahi kuinama chini ya kitanda wala kufungua kabati la mtu. Leo naitoa. Mimi sihesabu watu, nahesabu miswaki. Mtu utamficha chini ya kitanda, utamficha bafuni, utamvika kanga ukasema ni dobi, lakini mswaki wake utausahau kwenye kikombe. Miaka yote hii, hakuna aliyenishinda kwa mswaki. Mlezi atakayenirithi yuko pale mbele. Mwanangu, namna ni hiyo, na ninyi wa huko nyuma msianze kunong'onezana, mmeshachelewa.

Sasa naomba mniruhusu niitaje kanuni ya ishirini na mbili, ile inayokataza kubebana. Wageni wetu wasishangae. Kubebana, kwa lugha ya mabweni, ni mwenye nafasi kumlaza kitandani kwake mwenzake asiye na nafasi: kitanda kimoja, watu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwaka ule tulikuwa na vitanda tisini na sita na wasichana mia moja na sitini, vyoo vikiziba kila siku ya tatu, fundi bomba amebakiza kuhamia tu. Na asubuhi moja kitanda cha juu kilichobeba watatu kikakatika, kikamwangukia wa chini, akavunjika mkono. Nilimpakata binti yule mpaka gari lilipofika. Je, mtu aliyeyaona hayo anaweza kuidharau kanuni hiyo? Naiheshimu, na kesho nikipewa kalamu nitaiandika tena.

Lakini muhula huu, asubuhi moja kabla ya vipindi, nilimkuta binti ananawa uso kwenye bomba la kufulia. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na begi limefunikwa gunia. Nikamuuliza, "Wewe ni wa chumba gani?" Akanitajia chumba. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho ni stoo ya ndoo." Basi akakaa chini akalia. Barua yake ya kuchaguliwa ilimfikia wiki mbili baada ya maombi ya malazi kufungwa. Siku ya nne hiyo alikuwa analala kwenye viti vya ukumbi wa mihadhara, na mhadhara wa saa moja asubuhi ulikuwa unamkuta tayari ameketi, kiasi kwamba mwalimu wake alimsifu kwa kuwahi.

Nilifanya nini? Nilipanda ngazi nikagonga chumba namba kumi na saba, chumba cha pembeni, chembamba, cha mtu mmoja. Anakaa humo binti wa mwaka wa mwisho, mwakilishi wa ghorofa, mtu ambaye hata taulo la mwenzake likianguka kambani analifua upya kabla ya kulirudisha. Nikamwambia, "Nakuletea mdogo wako. Siku chache tu, mpaka nafasi ipatikane."

Akanitazama. "Mama, mimi nalala kwa kujinyoosha."

"Atajikunja."

"Na kanuni ya ishirini na mbili?"

Nikamjibu, "Kanuni niachie mimi."

Siku chache zikawa wiki tano. Kila ukaguzi nilikuta miswaki miwili kwenye kikombe kimoja, mwekundu na wa kijani, nami nikasifu pazia. Kisha Jumanne moja ofisi ya makazi ikaja na walinzi bila taarifa, kama ilivyo haki yao, wakawakuta wote wawili. Wakajaza fomu. Mwisho wa fomu ile pana swali la mlezi wa bweni: "Je, ulikuwa na taarifa?" Kisha visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Ndugu wageni waalikwa, nilikuwa nimebakiza wiki tatu kustaafu. Hotuba za kunisifu zilikuwa zimeshaanza kuandikwa. Niliishika kalamu, nikawaza nitasemwaje, Mama Kanuni, mwenye kanuni yake, ameivunja kanuni yake. Nikaweka alama kwenye Hapana.

Mmeacha kucheka. Ni sawa. Hata mimi tangu siku ile sicheki nyumbani, mume wangu ni shahidi, ananiuliza naumwa nini.

Kamati ya Nidhamu ilipokaa, nilikuwa viti viwili kutoka kwa yule binti wa mwaka wa mwisho. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kabisa, "Nani alikuruhusu?" Akasema, "Hakuna, mwenyekiti." Akaulizwa mara ya pili. "Hakuna." Mara zote mbili hakugeuza hata jicho upande wangu, asije mtu akafuata macho yake akanifikia. Wakamsimamisha masomo muhula mzima, wenzake wakivaa majoho yeye awe nyumbani. Mdogo wake alipata nafasi siku nne baada ya ukaguzi, kitanda halali, ghorofa ya kwanza. Aliyebaki na adhabu ni yule niliyemwambia aniachie mimi. Nami nikatoka pale nikaenda kuchagua rangi ya keki.

Ndugu Msajili, cheti ulichonikabidhi sasa hivi kinasema "utumishi wa miaka thelathini na mmoja bila doa." Kimeandikwa vizuri, na fremu yake imechaguliwa na mtu mwenye jicho. Naomba ukirudishe ofisini, maneno mawili ya mwisho yafutwe. Yaliyobaki nitayapokea kwa mikono miwili, kwa sababu nilifanya kazi, na kazi hiyo niliipenda. Niliwapenda ninyi. Hilo sikuwahi kulisema kwenye mkutano wa bweni hata mmoja, maana mngepandisha redio siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, rufaa ya binti yule itasikilizwa mbele yako Jumatatu, saa tatu asubuhi. Siombi umpendelee. Siombi kanuni ifutwe. Naomba faili lake liongezwe karatasi moja, na karatasi hiyo nimeiandika, nimeitia saini, ninayo hapa kwenye mkoba. Inasema nilijua, inasema niliruhusu, na inasema nilidanganya kwenye fomu ya chuo. Kama kuna adhabu ya mlezi mstaafu, niko tayari. Hata ngazi nitafagia, na nitazifagia vizuri kuliko wewe. Samahani kwa kukuharibia sherehe uliyoiandaa kwa moyo mmoja. Ningekuja ofisini kwako kimya kimya, mlango umefungwa, lakini binti huyu alihukumiwa kwa jina lake, na bweni zima linamwita mkaidi. Aliyechafuliwa hadharani hasafishwi chumbani.

Nawashukuru wote. Wenzangu wa usafi, bila ninyi mimi ningekuwa mpiga kelele tu. Walinzi, samahani kwa mara zote nilizowaita walalahoi wenye rungu. Mume wangu, kesho nitakupakulia chakula cha moto, na ukikuta chumvi imezidi, nyamaza, ndiyo najifunza.

Na wewe, mwanangu. Najua uko mlangoni pale, umesimama nusu ndani nusu nje kwa sababu hujui kama bado unaruhusiwa kuingia ukumbini. Ingia. Mimi ni mkubwa na wewe ni mtoto, na ulinibeba mimi vizuri zaidi kuliko ulivyombeba yule mdogo wako, ukanyamaza, ukaumia, wala hukuja kunidai. Sasa nitue. Jumatatu wakikuuliza nani alikuruhusu, usitazame sakafu. Nyoosha kidole. Nitakuwa nimekaa mbele yako kabisa, usinikose.

Mmenipa masikio yenu mpaka mwisho; kwa hilo, wanangu na wenzangu, asanteni sana.