Siku Sita za Wolvergem, Miaka Miwili na Siku Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, wanakamati, na nyinyi mliofuata bia tu, mimi ni Firmin Dekeukelaere, seremala, nasimama hapa kwa niaba ya familia, na kila nitakalosoma nimeliona kwa macho yangu haya mawili, sikuhadithiwa na mtu.

Kama tunavyolizika gulio letu kila mwaka likiisha, kwa jeneza na machozi ya mzaha, ndivyo tunavyoyazika leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 1975, mashindano yetu ya baiskeli ya siku sita mfululizo, na jeneza hili nimelitengeneza kwa mbao za uwanja wake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 8 Novemba 1973, saa moja jioni, katika ghala la kitani la mtaa wa stesheni, akiwa mtoto wa mwenyekiti wetu Achiel Boudry na wa ubishi, kwa sababu watu wa mji wa jirani walisema hatuwezi. Elimu aliipata hapohapo, akajifunza jinsi waendeshaji wawili wanavyogawana kazi moja, mmoja akikimbia na mwenzake akipumzika polepole huko juu, kwenye ukingo wa uwanja wa mbao ulioinuliwa kwenye kona, kisha wakabadilishana kwa kushikana mkono na kurushana mbele, akajifunza pia kwamba mtu wa Wolvergem hatazami baiskeli na njaa, ndipo meza za chakula zikawekwa katikati ya uwanja.

Tarehe 7 Novemba 1974 alipata jiko, tena mawili, ya makaa, kwa kuwa akina mama walilalamika miguu inaganda, lakini mwaka huo yaliwashwa siku ya mwisho tu. Watoto wa kuzaa hakujaaliwa, alimlea mmoja, Wilfried, mtoto wa pekee wa dada yangu Godelieve, mjane, ambaye mwaka huu, akiwa na miaka ishirini na miwili, alishindana kwa mara ya kwanza.

Ugonjwa ulianzia kwetu wenyewe. Mbao nilizipigilia mimi mwezi Oktoba, zikiwa zimelowa unyevu wa ghala, zimebanana vizuri hata wembe haupiti, na fundi mwingine wa kuziweka vile hakuna toka hapa hadi baharini, lakini safari hii majiko yakawashwa tangu Alhamisi, mbao zikakauka, zikasinyaa, na misumari ikaanza kuchungulia.

Jumapili tarehe 9, mji mzima ukiwa mezani unakula sungura wa kupikwa kwa bia, nilikuwa chini ya kona ya pili, naisikia ikilia, kwanza kama kiatu kipya, halafu kama mlango, nikaiegemeza mgongo wangu, na kila baada ya sekunde kumi na mbili walirudi, baiskeli kumi na mbili juu ya kichwa changu, Wilfried akiwa mmojawao, nami nikihesabu, tisa, kumi, kumi na moja, nikifumba macho. Pengo lilipoingia kidole nikatoka mbio hadi kwa Achiel.

“Mwenyekiti, kona inafunguka!”

“Basi wewe funga mdomo! Mkaguzi wa serikali yule pale, hajamaliza hata paja la sungura. Tukisimama leo kibali hatupati tena. Rudi chini ukashike ubao wako, bwana mkubwa wa misumari!”

Hapo ndipo nilipoinyakua bastola ya mwamuzi, ile ya kuanzishia mbio, nikapiga hewani, waendeshaji wakalegeza miguu, wakashuka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Wilfried, na kona ikaporomoka nyuma ya gurudumu lake kama gunia la viazi linavyomwagwa. Mkaguzi akafuta mdomo, akaandika, na marehemu akakata roho saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka miwili na siku moja.

Tunamshukuru Daktari Lammens, aliyekuja na mkoba wake akakosa mgonjwa, majirani kwa meza na vyungu, wanakamati, na waendeshaji wote, hasa huyu Wilfried aliyeshika jeneza upande wa mbele, akiwa na miguu yake yote miwili.

Lakini dada yangu yuko hapa, ananitazama, kwa hiyo niseme kwamba jambo moja nimelitunga. Bastola sikuigusa. Baada ya Achiel kunifokea niligeuka kurudi chini, maana niliyapenda mno mashindano haya, na njiani Godelieve akaniuliza, “Firmin, huko chini kuko salama?” nikamjibu, “Salama, dada, hata ng’ombe apite.” Akayatazama mabega yangu yaliyojaa vumbi la mbao, akaenda kuichukua bastola mwenyewe, akapiga.

Lala salama, Siku Sita. Mbao zako zimenyamaza, nami najitahidi.