Jibu Langu, Swali Lao

Kwenye basi la asubuhi nilikaa nyuma ya abiria wawili nikijifanya nasoma simu. Mama mmoja, mfua mashuka wa hospitali, alikuwa akimsimulia fundi cherehani waliyekutana humo humo jinsi ofisi ya hospitali ilivyowarekodi video za maswali na majibu, eti wafanyakazi wajulikane.

"Waliniuliza ni nani ananinyima usingizi. Nikasema, 'Msimamizi wangu. Kila siku, bila kukosa.' Video ikatoka, swali limeandikwa: 'Nani anakupa moyo kazini?'"

Fundi alicheka hadi mkoba ukamdondoka. "Na jibu?"

"Lile lile! Sasa msimamizi kabadilika. Ananiamkia kabla sijafungua mdomo, na kaniletea kiti cha kukunjia mashuka. Miaka yote nimekunja nimesimama! Leo tunarekodi tena, nami nataka kusema kweli."

"Mama, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Kiti kitarudi stoo."

"Lakini wenzangu wananiita mpambe, kaka."

"Hao wenzako wanakuita wamekaa au wamesimama?"

Mimi kiti hicho nisingekiachia, ila hakuna aliyeniuliza.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Getini, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri alikuwa anapunga mkono, meno yote nje.

"Ndiye huyo," mama akanong'ona.

"Sasa utasemaje?"

"Mimi nitajibu tu, kaka. Swali watalitafuta wenyewe."

Akashuka. Sikuona uso wake, ila mkono wake nao ulikuwa juu, unapunga.